Chai ya Kutafuna

Harufu ya wanga wa muhogo unapochemka haifanani na nyingine yoyote. Ni kama nguo mpya iliyoloweshwa, au karatasi iliyonyeshewa ikaanza kukauka, na ndani yake kuna utamu kidogo ambao huwezi kusema unatoka wapi. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwa dada yangu Solanje, nasubiri chakula cha mchana, harufu hiyo ilipotoka jikoni ikanikuta. Nikainuka. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya sufuria, simu mkononi, akikoroga vidonge vyeusi vilivyopanda na kushuka kwenye maji yenye povu. Alikuwa amevinunua Kigali, kwenye pakiti yenye maandishi ya Kichina. Akaniambia ni chai ya kisasa, mjomba, unakunywa huku unatafuna, na vijana wote wa mjini wanaipenda.

"Nyinyi wa zamani hamwezi kuijua," akasema.

Solanje alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Tulitazamana, halafu tukaanza kucheka mpaka mtoto wa watu akaudhika. Sisi chai ya kutafuna tuliinywa Gisenyi kabla huyu msichana hajazaliwa, na tuliipika kwa wanga wa kupigia nguo pasi.

Wenzangu wa rika langu wanaikumbuka miaka ile. Watu walikuwa wakirudi kutoka ng'ambo ya mpaka na magodoro kichwani, vilima vya upande wa volkano vilikuwa bado havilaliki kwa amani, na mjini nyumba nyingi zilikuwa na watoto bila wakubwa. Yetu ilikuwa mojawapo. Sitaeleza hapa jinsi tulivyobaki peke yetu. Wengi mnaosoma mna habari zenu za namna hiyo. Tulikuwa watatu: mimi, Solanje aliyenifuata, na Fisto, aliyekuwa bado analala na kidole mdomoni. Waliniita Yaya. Kwetu yaya si mtumishi wa kulea watoto, ni ndugu mkubwa, awe mvulana au msichana. Ingawa mimi nilikuwa ndugu mkubwa na huyo mtumishi pia.

Shule niliiacha darasa la nne. Hakuna aliyenifukuza. Asubuhi moja nilimvisha Solanje sare, nikamsindikiza mpaka kona, nikarudi nyumbani kwa sababu Fisto alikuwa na homa. Siku iliyofuata Fisto alikuwa amepona, lakini nami nilikuwa nimeshaona kwamba mtu mmoja lazima abaki.

Kazi nilipata kwa Mama Zubeda, mke wa fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka msikitini. Mumewe alishona, yeye alifua na kupiga pasi, na sifa yake ilikuwa nguo ngumu. Kanzu ya Ijumaa ikitoka mikononi mwake ilisimama yenyewe ukiiegemeza ukutani. Ugumu huo ulitokana na wanga, na wanga ulitokana na mikono yangu. Nilimenya mihogo, nikaikwaruza kwenye bati lililotobolewa kwa misumari, nikaiweka kwenye kitambaa na kuikamua ndani ya beseni. Maji yalitoka meupe kama maziwa. Unayaacha yatulie, unamwaga maji ya juu, unatia mengine, unakoroga, unaacha tena. Mwishoni chini ya beseni linabaki tabaka jeupe, gumu, linalolia ukilibonyeza kwa kidole. Tulilikata vipande na kulianika.

"We mwanaume, unakamua kama mwanamuke amekasirika," Mama Zubeda aliniambia. "Muzuri. Endelea kukasirika."

Kwenye jiko lake ndiko nilikoona jambo ambalo baadaye lilinipa wazo. Matone ya wanga mzito yakirukia mfuniko wa moto yaliganda yakawa shanga ndogo, za kupenyeza mwanga. Fisto, ambaye nilikuwa naenda naye kazini, alizibandua na kuzila. Nilimpiga kofi mkononi. Mama Zubeda akaniambia nimwache, wanga hauui mtu, bibi yake aliuchemsha na kuwapa watoto waliokuwa wakiharisha.

Basi, siku moja mwendesha baiskeli aliyeleta viazi kutoka Busasamana alisimama mlangoni petu. Akatuambia dada ya baba yetu anatusalimu, na Jumapili atakuja kuona nyumba na watoto.

"Kuona kwa nini?" Solanje akauliza.

"Mi najua? Nimetumwa mudomo tu," akasema, akapanda baiskeli yake.

Shangazi huyo tulikuwa tumemwona mara chache, wakati wazazi wapo. Nilikumbuka mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliyeinamisha kichwa kupita mlangoni. Lakini kuja kwa ndugu kuona watoto tulikujua sana. Mtaa wetu kulikuwa na watoto wa Mzee Kalisti, watatu kama sisi. Ndugu walikuja, wakaketi, wakanywa, wakaona, kisha wakawagawana. Mkubwa alipelekwa Rugerero kuchunga ng'ombe, msichana akapelekwa mbali kubeba mtoto wa watu, mdogo akachukuliwa na mama mmoja wa Rubona. Nia yao ilikuwa njema, nasema hivyo leo. Lakini nilimwona yule mdogo siku moja kwenye soko la samaki, na nilipomwambia kaka yake anamsalimu, aliniuliza kaka yupi.

"Atamchukua Fisto," Solanje alisema jioni ile. "Wanaanzaga na mudogo, hajui kukataa."

"Hamchukui."

"Utafanya nini? Utamupiga Shangazi?"

Nilichoamua kufanya ni kumwonyesha kwamba hii ni nyumba. Nilijua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba watu wanachukua watoto mahali ambapo hapana nyumba, pana kuta tu. Na mgeni anaijua nyumba kwa kile anachokuta kikombeni. Mama alipopata mgeni aliweka chai ya maziwa na kitu cha kutafuna: andazi, kipande cha mkate, hata kiazi kitamu kilichokatwa vizuri. Chai bila kitu cha kutafuna, alisema, ni kumwambia mgeni aende. Majani ya chai tulikuwa nayo, maziwa jirani angetupa kikombe. Unga wa ngano hatukuwa nao, mafuta hatukuwa nayo, na viazi vilikuwa ndivyo chakula chetu cha kila siku, nisingeweza kumwekea mgeni mambo ya kila siku.

Nikaenda kumwomba Mama Zubeda wanga.

"Amido ya kufanya nini?" akashangaa. "We hauna hata shati ya kupiga pasi."

Nikamweleza. Alinisikiliza mkono kiunoni, pasi ya mkaa ikifuka pembeni yake. Nilidhani atacheka.

"Chukua ile haijapata bulu ya kufulia," akasema mwishowe, "isikutie tumbo rangi ya mbingu. Na sukari hii. Uiunguze kwanza, itapata harufu. Na maji iwe ya moto, umesikia? Ya moto sana."

Nilisikia, lakini sikuzingatia. Jumapili asubuhi nilimwagia wanga maji ya mtungini. Kama hujawahi kushika wanga mbichi uliolowa, sijui nikwambieje. Ukiufinya ni jiwe, ukifungua kiganja unakimbia kati ya vidole kama uji. Nilitengeneza duara, nikaliweka kwenye sahani, likalala. Nikatengeneza jingine, nalo likalala. Niliyatumbukiza hivyo hivyo kwenye maji yanayochemka, na sufuria nzima ikawa gundi. Fisto alitia kijiko, kikasimama. Alifurahi sana.

"Hii ndiyo utamupa Shangazi?" Solanje akauliza. "Atabandika nayo madirisha."

Nusu ya wanga ilikuwa imepotea. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa la jirani. Nilikaa kwenye kigoda nikiwa na mikono meupe mpaka viwiko, na sitaki kuficha kwamba nililia kidogo, nikiwageuzia mgongo. Ndipo maneno ya Mama Zubeda yakanirudia. Nikachemsha maji mpaka yakaruka, nikayamwaga kidogo kidogo juu ya wanga uliobaki, nikakanda huku naungua. Safari hii ulishikana. Ulikuwa laini, wenye joto, kama sikio la mtoto. Tulikaa sote watatu kwenye mkeka tukafinyanga vidonge kwa viganja, vya Fisto vikiwa vikubwa kama goroli na vyenye alama za vidole. Vilipoingia kwenye maji vilizama, vikatulia chini kana kwamba vimekufa, halafu kimoja kikapanda, na kingine, na vyote. Vikapoteza weupe taratibu kuanzia nje, mpaka ndani ya kila kimoja ikabaki nukta ndogo tu. Niliunguza sukari, nikavitupa humo, vikawa rangi ya asali ya msituni.

Mrija lilikuwa wazo la Solanje. Kwetu wakubwa wanapokunywa pombe ya mtama wanakaa kuuzunguka mtungi na kunywa kwa mrija wa tete. Mrija haupewi kila mpita njia. Unampa mtu uliyekubali kukaa naye, na mtoto hapewi kabisa, labda kwa mzaha, watu wacheke. Solanje alisema tukimpa Shangazi chai kwa kikombe ni sawa na kila mtu, lakini tukimpa na mrija, atajua tunajua heshima. Tete ni jembamba, kidonge hakipiti. Akaenda nyuma ya nyumba akakata vikonyo vya majani ya maboga, vile vyenye tundu ndani, akavimenya miiba. Akavijaribu kwa maji. Kilipita kidonge, ila kwa kelele.

Jambo la mwisho alilifanya bila kuniuliza. Alimvalisha Fisto nguo zake zote. Mashati matatu, sweta, na suruali juu ya kaptura. "Akitaka kufunga nguo zake, atafunga nini?" akasema. Fisto alisimama katikati ya chumba, mikono imetoka pembeni, jasho likimtiririka.

Shangazi aliinamisha kichwa akapita mlangoni. Alikuwa amekonda, na vumbi la njia lilikuwa limempanda mpaka magotini. Kichwani alikuwa na blanketi lililokunjwa na kufungwa kamba. Mwanamke anayesafiri mchana na blanketi ana mtoto wa kubeba mgongoni, au anakwenda kuchukua wa kubeba.

Alitukumbatia mmoja mmoja, kama inavyotakiwa, akaketi. Halafu akaanza kutazama. Alitazama juu, kwenye bati.

"Mvua inaingia upande gani?"

"Haiingii, Shangazi," nikasema. Iliingia juu ya kitanda, lakini kitanda tulikuwa tumekisogeza.

"Munalala wapi?"

"Pale. Sisi wote. Inatutosha."

Aliinuka, akabonyeza godoro kwa kiganja, akapima kwa macho nafasi kati ya kitanda na ukuta. Akauliza choo tunachangia na nani. Akauliza majirani ni watu gani, kama usiku mtaa unatulia, kama maji yanapatikana karibu. Nilijibu yote nimesimama wima, kama mtu aliyeitwa ofisini. Kila jibu nililitengeneza vizuri zaidi ya lile lililotangulia. Maji yalikuwa karibu sana. Majirani walikuwa malaika. Na kadiri nilivyosifu nyumba yetu, ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa mgumu kuusoma.

"Na huyu," akasema, akimtazama Fisto, "kwa nini mumemuvalisha kama kabichi?"

"Anasikia baridi," Solanje akajibu upesi.

"Nasikia joto," Fisto akasema.

Nikaleta chai. Nilikuwa nimeiacha ipoe kidogo ili kikonyo kisilegee. Niliishika kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikamkabidhi. Shangazi aliutazama mrija. Alitazama vidonge vilivyolala chini ya kikombe. Hakuuliza, maana mgeni hauulizi mrija. Akainama, akavuta kwa nguvu, kama wanavyovuta pombe nzito.

Kidonge kilimwingia kooni kama kimerushwa kwa manati. Alikohoa. Macho yalimtoka, akajipiga kifua, na Solanje akaruka kumpiga mgongoni. Mimi nilibaki pale pale, goti moja chini. Sasa ndiyo basi, niliwaza. Tumemuua, na hata akipona hawezi kumwacha mtoto na watu kama sisi.

Akapona. Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Akavuta tena, polepole safari hii, akakinasa kidonge kwa meno. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu, anatazama mlango, na sisi tunatazama taya lake.

"Hii ni nini?"

"Wanga, Shangazi."

"Wanga ya nini?"

Sikujua kumdanganya mtu mkubwa anaponitazama hivyo. "Ya nguo. Ya kupigia pasi."

Aliinua kikombe, akakitazama kwa chini.

"Donc, basi," akasema, "kesho tumbo yangu itasimama kama kola ya padri."

Na akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia. Ilikuwa sauti nzito, ya kukwama kwama, kama ya mlango uliofungwa siku nyingi. Fisto akacheka kwa sababu yeye alicheka, na Solanje akacheka kwa uoga. Shangazi alimeza, akavuta kingine, akatafuna. Kikombe kilipofika nusu, alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliufuta mrija kwa vidole vyake, akaugeuza, akanielekezea mimi.

"Shika, mwenye nyumba."

Nilitazama nyuma nione anamwita nani.

"Ni we naongea naye. Hapa mwenye nyumba ni nani? Si we?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Bon. Kunywa."

Nikavuta. Sikumbuki utamu wake. Nakumbuka kikonyo kilikuwa na joto la midomo yake.

"Ulivyoniambia nyumba hii haina shida hata moja," akasema, "nikaona haya ya kuomba. Nikasema, hawa watoto wamejipanga, mi naingia hapa kufanya nini? Lakini nimetembea tangu asubuhi, na siwezi kurudi." Akashusha sauti, akaongea Kinyarwanda, lugha yake ya mambo mazito. Alisema kule kwao Busasamana hawalali tena ndani kwa hofu ya vita, kwamba nyumba yake haipo, kwamba kwa wiki nyingi amekuwa akilala kwa watu, akihama kabla hawajamchoka. Kisha akasema maneno ambayo sijawahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto, si kabla wala baadaye. "Naomba unipe mahali pa kulala."

Nilichosema ni, "Leo?"

"Leo. Na kesho. Mpaka munichoke."

Solanje alikuwa amemshika Fisto kwa sweta wakati wote huo. "Haukuja kumuchukua?"

"Kumuchukua nimupeleke wapi, yewe? Mi mwenyewe sina kwa kulala."

"Na blanketi?"

"Blanketi si ya kujifunika? Nyinyi hapa munajifunika nini, magazeti?"

Solanje aliachia sweta. Alikaa chini, palepale alipokuwa, akaanza kulia kwa sauti, naye Shangazi akadhani ni kwa sababu ya habari za Busasamana. Tulimwacha adhani hivyo. Mimi nilikuwa bado na mrija mkononi. Nilijua kuna namna mwenye nyumba anavyojibu, Baba angejua, kuna maneno yake, lakini sikuwa nayo. Nikamwambia ukweli kuhusu bati, kwamba mvua inaingia upande wa kitanda na kwamba choo kimejaa. Nikamwambia majirani wa kushoto wanapiga kelele. Nilimwambia yote, haraka haraka, ili kama anakaa akae anajua.

"Muzuri," akasema, akifungua kamba ya blanketi. "Sasa hii iko nyumba."

Fisto tulimvua mashati moja moja. Chini kabisa alikuwa mwekundu kwa vipele vya joto.

Kulipokucha nilizinduka kwa mazoea, gizani, nikiwa tayari nimeshaanza kuhesabu kichwani: kuni, maji, sare ya Solanje, uji. Kisha nikasikia mtu nje anapuliza moto. Pumzi ndefu, kimya, pumzi ndefu. Kuni zikaanza kulia. Sufuria iliwekwa, mfuniko ukagongwa, mtu akakohoa kikohozi cha mtu mkubwa. Nilinyoosha mguu nikagusa mgongo wa Fisto. Alikuwepo. Nilingoja kidogo nione kama nitaitwa.

Sikuitwa. Nikageukia ukutani, nikalala tena mpaka jua likaingia.